MWENZI WAKO ANA SONONA? MFUNIKE KWANZA

Dereva wa lori anayevuka mpaka pale Tunduma huweza kukaa wiki kadhaa bila kuonana na familia. Akirudi anamkuta mkewe halali, hapiki, hataki mtu. Majirani wamekwishatoa hukumu: ana jini, au mvivu tu. Mume naye kachoka na safari, anaongeza ukali. Hapo sonona inazidi.

Sonona ni maradhi, si upungufu wa imani, na hospitali ina tiba yake. Swali ni la nyumbani. Huko Heidelberg, Ujerumani, watafiti wamewafundisha huruma wanandoa ambao mke ana sonona, wote wawili pamoja. Kumbe huruma hufundishwa!

Sisi somo hilo tunalo tangu pango la Hira. Mtume (s.a.w.) alirudi akitetemeka, akaomba afunikwe. (Hatusemi aliugua, tunatazama adabu ya mke.) Bi Khadija (r.a.) hakuanza na maswali. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamsikiliza, akamtajia mema yake: anaunga undugu, anabeba wanyonge, anakirimu wageni. Baada ya hapo ndipo akampeleka kwa mjuzi, binamu yake Waraqa bin Nawfal.

Basi ewe mume, fuata mpangilio huo huo. Mwambie, "Mama Asha, pumzika, leo ugali nasonga mimi." Msikilize bila kumkatiza. Kisha nenda naye kwa daktari, usimtume peke yake. Na akitamka kwamba anataka kufa, usimwache hata dakika. Mwende hospitali siku hiyo hiyo.