Divai na Chakula cha Jioni: Onja, Usibugie

Je, msomaji, umewahi kuambiwa kwamba glasi ya divai nyekundu kila jioni ni dawa ya moyo? Imani hiyo ilipata nguvu mwaka wa 1991, wakati kipindi kimoja cha televisheni nchini Marekani kilipoeleza kuwa Wafaransa hula siagi na jibini kwa wingi, lakini maradhi ya moyo hayawaui sana, na kwamba huenda ni divai inayowakinga. Wataalamu wa leo hawaioni divai kuwa dawa. Mnamo Januari 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kisichoweza kudhuru afya. Pombe ni miongoni mwa vyanzo vya saratani ya umio, ambayo inawasumbua Wakenya wengi. Kwa hivyo kama hunywi, usianze kwa ajili ya moyo wako.

Lakini kama chupa tayari iko mezani, iko desturi moja ya nyumba nyingi za Ufaransa, Italia na Ureno inayofaa kuigwa. Divai ya siku za kazi huko ni ya bei nafuu, huletwa pamoja na chakula, na humiminwa kidogo. (Desturi hiyo ilikuwa na ubaya wake pia. Ni mwaka wa 1956 tu ambapo serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku kuwapa divai shuleni watoto walio chini ya miaka 14!)

Kwa nini chakula? Ukinywa tumbo likiwa tupu, pombe hufika upesi kwenye utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Ukiwa umekula, hukaa tumboni kwa muda na kupanda polepole. Hata hivyo, ini bado lina kazi ya kuivunjavunja, na kazi hiyo haiharakishwi kwa kahawa wala maji baridi.

Sasa tuonje. Divai nyekundu ina ukakasi, ule ule unaoupata kwenye ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokaa sana kwenye majani. Piga funda dogo kabla ya kula, ulizungushe mdomoni. Kisha tafuna kipande cha nyama ya kuchemsha au ya kuchoma, halafu onja tena. Utashangaa! Ukakasi umepungua, kwa sababu umejishika kwenye nyama badala ya kukausha mate yako. Ndiyo maana watu wa kusini mwa Ufaransa huinywa Côtes du Rhône kwa mchuzi mzito wa ng'ombe.

Chakula chenye nyanya nyingi, kama tambi, hutaka divai yenye uchachu wake, la sivyo itaonekana imepooza. Waitaliano wa Toscana wana Chianti kwa kazi hiyo. Samaki naye anataka divai nyeupe kavu kama Muscadet ya Ufaransa au Vinho Verde ya Ureno, ambayo hufanya kazi ya ndimu. Ukimla samaki wa mafuta mengi kwa divai nyekundu, mara nyingi mdomo utabaki na ladha ya chuma. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa moja lisilosameheka. Na kama mchuzi wako una pilipili, epuka divai kali, kwani pombe huongeza mwasho. Riesling ya Ujerumani yenye utamu kidogo na pombe ya asilimia 9 hivi itakufaa zaidi.

Jambo linalowaponza wengi ni kipimo. Chupa ya mililita 750 yenye pombe ya asilimia 12 ina pombe halisi ya mililita 90. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Maana yake, anayemaliza chupa ya divai peke yake amekunywa zaidi ya bia nne, hata kama alikuwa akila kwa uma na kisu! Glasi kubwa za siku hizi hubeba mililita 250 bila kujaa. Chukua kikombe cha kupimia, mimina maji mililita 125 kwenye glasi yako, uone yanafika wapi. Hapo ndipo pa kukomea. Nchini Ufaransa, ushauri wa tangu 2017 ni kutozidisha glasi 2 za kipimo cha kawaida kwa siku na 10 kwa wiki, na kupitisha siku kadhaa bila kunywa.

Mama mjamzito asionje kabisa, wala anayetarajia kuendesha gari. Anayetumia dawa za kifua kikuu, kisukari au usingizi amwulize daktari kwanza.

Hakuna anayekulazimisha kumaliza chupa usiku mmoja. Rudisha kizibo, iweke kwenye friji, nayo itafaa kwa siku mbili tatu. Ikianza kuchacha, itie kwenye sufuria ya nyama pamoja na vitunguu.