Usiku wa Alhamisi Ni Upi? Somo Nililopata Nikipanga Safari ya Lamu

Chama chetu cha Kiswahili kilipokata shauri kuzuru Lamu wakati wa likizo, mimi nilipewa kazi ya kuandika ratiba. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe ilinifunza Kiswahili kuliko mtihani wowote!

Kwanza, kwa nini Lamu? Hapa Nyacheki wengi wetu ni Wakristo, na Kiswahili tunachosoma kimekulia miongoni mwa Waislamu wa pwani. Tulitaka kuuona mji wa dini yao. Mwenzetu mmoja akataja Makka, lakini mwalimu mlezi akatueleza kwamba Makka huingia Waislamu pekee. Lamu si Makka, na kuizuru si hija. Hata hivyo ni kituo kikubwa cha elimu ya dini katika Afrika Mashariki. Mji huo una umri wa zaidi ya miaka 700 na misikiti zaidi ya 20. Mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, huvuta wageni wengi kila mwaka wakati wa Maulidi.

Jambo la pili ni mwezi. Kalenda ya ukutani haitoshi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi wa angani, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo Maulidi na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Waswahili huihesabu miezi baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea. Maulidi huangukia Mfungo Sita. Ukienda wakati wa Maulidi, tafuta mahali pa kulala mapema, maana mji hujaa. Ukienda Ramadhani, jua kwamba wenyeji wamefunga, na si adabu kutafuna mahindi njiani mchana. Sisi likizo yetu haikuangukia Maulidi wala Ramadhani.

Jambo la tatu ni mwendo. Nilipiga hesabu hivi: Jumapili alfajiri tuondoke Nyacheki, tupitie Kisii hadi Nairobi, usiku tupande basi la Mombasa. Jumatatu tupite Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tuvuke bahari kwa boti mpaka Amu, kama wenyeji wanavyouita mji wao. Jumanne na Jumatano tuzunguke mjini. Alhamisi alfajiri tuanze kurudi. Yaani safari ya siku sita, lakini siku kamili za kutembea Lamu ni mbili tu!

Kwa nini haraka hivyo? Nyumbani kwetu ni Wasabato. Baba aliposhika fomu ya ruhusa aliuliza swali moja tu: "Mtakuwa mmefika hapa Ijumaa kabla ya jua kuzama?" Nikajibu ndiyo. Akasema atatia sahihi akiiona ratiba.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja wa Lamu, rafiki ya mwalimu wetu, alituandikia barua ya ukarimu sana. Alitualika nyumbani kwake kusikiliza kisomo cha maulidi "usiku wa Alhamisi". Lo! Usiku huo sisi tutakuwa ndani ya basi tukielekea Nairobi. Wenzangu wakasema tuongeze siku moja. Mimi na wengine tukakataa, kwa kuwa Sabato ingetukuta barabarani. Mkutano ukawa kelele tupu. Mwingine akanitupia neno: "Basi nyinyi bakini!" Niliumia. Ratiba nimeandika mimi, halafu safari niikose mimi?

Mwalimu alitutazama tu, kisha akaniuliza, "Sabato yenu ni siku gani?"

"Jumamosi, Mwalimu."

"Na inaanza saa ngapi?"

"Ijumaa, jua linapozama."

"Basi usiku wa Ijumaa, kwenu, ni wa siku gani?"

Nikanyamaza. Ni wa Sabato, yaani wa Jumamosi! Mwalimu akacheka. Kwa Waislamu pia siku huanza jua linapozama, na ndivyo Waswahili wa kale walivyohesabu. Usiku hutangulia mchana. Basi usiku wa Alhamisi ni ule unaoanza Jumatano magharibi. Tutakuwa bado tuko Amu! Tulimpigia mzee simu kuhakikisha, naye akasema, "Naam wanangu, Jumatano baada ya sala ya isha." Baba alitia sahihi jioni hiyo hiyo.

Msomaji, tazama pia majina ya siku. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni ya tano! Hesabu mbili zinakaa katika juma moja bila kugombana. Sisi chamani tulikuwa karibu kushindwa na hilo.

Nawaachia vidokezo vichache. Wavulana tuvae suruali ndefu, wasichana wabebe leso za kujitanda. Tusiingie msikitini bila kukaribishwa, na tukikaribishwa tuvue viatu. Tusimpige mtu picha bila idhini. Vichochoro ni vyembamba, na punda ndio gari la mizigo, kwa hiyo tuwapishe. Zaidi ya yote, mwenyeji akikutajia wakati, muulize anahesabu vipi.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Nikirejea nitawasimulia yaliyobaki. Kwaherini!