Kisomo na Hesabu Mahali pa Kazi: Mafunzo kutoka Kigongo na Mikoa ya Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili ufundishaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu katika mafunzo ya kazi. Hoja kuu ni kwamba somo la aina hii halina budi kuanzia katika kazi yenyewe, lakini lisiishie humo. Mifano inatoka Kigongo, wilayani Misungwi, ambako kwa miaka mingi abiria na magari walivuka kwa kivuko kwenda Busisi, wilayani Sengerema.

2.0 Usuli

Mwaka 1965 mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran ulisisitiza kwamba kisomo kifungamane na uzalishaji mali. Kutokana na msimamo huo, mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza mjini Mwanza. Ulihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vya Kiswahili vilitungwa kwa kufuata shughuli za wanakisomo: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na maarifa ya nyumbani. Baadaye vitabu vya namna hiyo vilitumika katika kampeni ya taifa zima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia 1975 walikuwa 39. Aidha, agizo la Waziri Mkuu la 1973 lilipeleka elimu ya wafanyakazi mahali pa kazi.

3.0 Hesabu ndani ya kazi

Mara nyingi hesabu hufanywa nyongeza ya kisomo, ilhali kazini ndiyo hutangulia. Mchuuzi asiyejua herufi hukokotoa chenji kichwani bila kukosea. Mwalimu aanzie katika ujuzi huo, kisha aoneshe mahali unapofikia kikomo.

Mfano mmoja watosha. Mchuuzi amenunua kilo 20 za sato kwa shilingi 8,000 kila kilo, akalipa nauli shilingi 6,000. Gharama yake ni shilingi 166,000. Akiuza kilo kwa shilingi 9,000, kichwani huona faida ya shilingi 14,000. Lakini kilo 2 zimeharibika njiani. Kilo 18 zilizobaki zitampa shilingi 162,000, yaani hasara ya shilingi 4,000. Akiandika safu mbili, ya matumizi na ya mapato, ataiona hasara kabla ya kutaja bei, naye atajua kwamba shilingi 9,500 zitampa faida ya shilingi 5,000.

Wakati mwingine kinachohesabiwa ni uhai wa watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 220. Kikomo cha abiria hakimkingi yeyote asipokuwapo mtu wa kukisoma, kuwahesabu waliopanda, na mwenye mamlaka ya kusema basi. Kwa hiyo mafunzo ya mabaharia na wapagazi yafundishe hesabu ya shehena pamoja na wajibu unaoambatana nayo.

4.0 Kazi inapobadilika

Kisomo kilichofungwa katika kazi moja kina udhaifu wake. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Foleni ya kusubiri kivuko, iliyokuwa soko la wachuuzi, ikakosa sababu ya kuwapo. Mchuuzi aliyekariri bei za gatini tu hana cha kuhamisha. Aliyejifunza kutenga gharama, hasara na faida anaweza kuanza upya stendi, shambani au dukani.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba mwalimu akusanye kwanza maandishi ya kazini, kama vile stakabadhi, tiketi na daftari la mauzo, ayafanye kitabu chake cha kwanza. Kisha kila kanuni ijaribiwe katika kazi ya pili ambayo mwanafunzi haifanyi. Akiimudu huko, ujuzi huo umekuwa wake.