Hali ya Kuamuru na Kirejeshi: Saladi ya Tambi

Darasa la Nakivale, wilayani Isingiro, kusini ya Mbarara, hukusanya wana wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Mwalimu na aanze na chakula wakijuacho wengi: tambi, ambazo Wasomali huziita *baasto*. Soma kifungu hiki kwa sauti:

Chemsha maji, utie chumvi na tambi. Zikiiva, zichuje, kisha uzisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Katakata nyanya, tango na kitunguu, uchanganye na tambi. Kamulia ndimu, uongeze mafuta kidogo.

Kitenzi cha kuamuru kiishiacho kwa -a hubadili irabu hiyo kuwa -e kipokeapo kiambishi cha mtendwa: *chuja tambi*, lakini *zichuje*. Jambo hili ni jepesi, nalo halihitaji kipindi kizima.

Penye uzito ni *maji yaliyochemshwa yakapoa*. Kiambishi -li- pamoja na kirejeshi -yo- huonyesha kuwa tendo limekwisha. -Ka- huonyesha lililofuata. Mwanafunzi akiandika *maji ya kuchemsha*, msomaji aweza kudhani ni maji ambayo bado hayajaona moto. Tambi za saladi hazirudi tena jikoni. Maji yale ndiyo ya mwisho kuzigusa, na aliyeelewa vibaya ataumwa tumbo. Basi sahihisha kosa hilo kabla ya *zichuja*.

Zoezi: Andika upya kifungu ukiwaamuru watu wengi. Anza hivi: *Chemsheni maji, mtie chumvi na tambi. Zikiiva, zichujeni…*