SI KILA SHAVU LILILOVIMBA NI MATUMBWITUMBWI

Mtoto akivimba shavu wengi wetu husema mara moja, "Ni matumbwitumbwi." Mara nyingi ni kweli, na uvimbe huo huisha ndani ya wiki mbili. Mwezi huu tujifunze juu ya uvimbe usioisha.

Tezi za mate ziko wapi?
Tezi kubwa ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Uvimbe mwingi huota katika tezi ya mbele ya sikio, na sehemu kubwa ya uvimbe huo si saratani.

Uvimbe wa nadra ni upi?
Kwa kawaida uvimbe hutokana na tezi yenyewe. Mara chache hutokana na vitu laini vilivyomo ndani yake, kama mafuta, mishipa ya fahamu au mishipa ya damu. Huu wa mishipa ya damu huwapata hasa watoto wachanga. Huonekana wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, hukua upesi kwa miezi kadhaa, kisha hunywea polepole kwa miaka. Wapo wanaoutoboa wakidhani ni jipu. Msifanye hivyo! Mtoto aweza kutokwa na damu nyingi. Tangu mwaka 2008 inajulikana kuwa dawa ya propranololi husaidia uvimbe huu kunywea, lakini sharti itolewe na daktari.

Hutambuliwaje?
1. Tunauliza: ulianza lini? Unauma? Unavimba zaidi wakati wa kula? Ukivimba wakati wa kula, huenda kijiwe kimeziba njia ya mate.
2. Tunaupapasa na kutazama uso. Uvimbe wa pande zote mbili waweza kuletwa na virusi vya UKIMWI, hivyo tunashauri kupima damu.
3. Picha ya ultrasaundi huonyesha kama kuna maji, kijiwe, nyama au mishipa ya damu.
4. Sindano nyembamba huvuta chembe chache zikatazamwe kwa darubini. Uvimbe wa nadra hufanana na mwingine, kwa hiyo wakati mwingine kipande cha nyama huhitajika. Kazi hii hufanyika katika hospitali za rufaa kama Bugando au KCMC.

Majibu ya darubini huchukua muda. Tafadhali rudini kuyafuata, hata kama uvimbe hauumi. Bila majibu hayo daktari hawezi kuchagua tiba.

Dalili za hatari
Uvimbe mgumu usiosogea, unaokua haraka, wenye kidonda, au uliofuatwa na tezi za shingo kuvimba. Uso ukipinda au jicho likishindwa kufumba, njoni mara moja.

Wembe na chale viacheni kabisa. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso hupita ndani ya tezi ya mbele ya sikio. Ukikatwa, uso waweza kupooza. Uvimbe ukizidi wiki mbili, mleteni mgonjwa apimwe.