Kununua Betri ya Trekta na Kulinda Waranti Yako

Msimu wa kulima ukikaribia, wengi hugundua kuwa trekta iliyolala tangu mavuno haiwaki. Betri mpya hununuliwa mbiombio, na waranti hupotea hata kabla ya mkulima kutoka dukani.

Nenda na betri ya zamani. Itasaidia kulinganisha ukubwa, nambari ya Ah na upande wa vichwa vya chanya na hasi. Maduka mengi pia huipokea na kupunguza bei, kwani risasi iliyomo hutumika tena.

Uliza betri mpya imekaa rafuni kwa muda gani. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji polepole hata isipotumika, na ikikaa hivyo sahani za ndani hushika ukoko unaoipunguzia nguvu. Mwombe muuzaji aipime mbele yako. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Usikubali kuambiwa "itajichaji shambani".

Kadi ya waranti ijazwe papo hapo: tarehe, nambari ya betri na muhuri wa duka. Risiti za mashine hufifia, kwa hivyo ipige picha kwa simu. Uliza pia: ukibadilishiwa betri, waranti inaanza upya au unapewa muda uliobaki tu? Mara nyingi ni uliobaki.

Betri ikisumbua, usiifungue wala kuiongeza asidi. Kwanza fundi apime volti kwenye vichwa vya betri injini ikinguruma. Zinafaa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikiwa chini ya 13, huenda tatizo ni altaneta, mkanda au waya, na hata betri nyingine itakufa vivyo hivyo. Duka likikataa dai la namna hiyo, halijakudhulumu. Trekta inapolala, chomoa waya wa hasi na uichaji betri kila mwezi.

Lakini betri ikiwa mbovu kweli na muuzaji akatae, mwambie aandike sababu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inalinda mnunuzi dhidi ya bidhaa zisizofaa. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Beba kadi, risiti na maandishi ya muuzaji.