Mzee Asikalishwe Tu: Misuli Hulindwa kwa Chakula na Kazi

Katika mtaa wa Elgon View jijini Eldoret, si ajabu mzazi aliyezeeka kuhamia kwa mwanawe. Anatoka Moiben, Ziwa au Kesses, alikokuwa akikamua ng'ombe, akiteka maji na kupalilia mahindi, anaingia katika nyumba yenye lango, ua na mfanyakazi wa nyumbani. Anaambiwa apumzike, kwani amefanya kazi vya kutosha. Analetewa chai alipoketi, na kikombe kinaondolewa mbele yake. Baada ya miezi kadhaa, mzee aliyekuwa akitembea mwenyewe hadi sokoni hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushikwa mkono. Familia husema ni umri. Mara nyingi si umri pekee.

Misuli hupungua vipi?

Kupungua kwa misuli na nguvu zake kunakoambatana na umri huitwa sakopenia, jina lililopendekezwa mwaka wa 1989 na mtafiti Mmarekani, Irwin Rosenberg. Kuanzia umri wa miaka 30 hivi, mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka 10, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60.

Hakuna anayeweza kuzuia kabisa hali hiyo, lakini kasi yake hutegemea mambo mawili yaliyo mikononi mwa familia: anachokula mzee na anavyoutumia mwili wake. Mwaka wa 2007, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani kwa siku 10 mfululizo. Katika siku hizo 10 tu, walipoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, walipumzishwa tu.

Misuli si ya kutembea peke yake. Ndiyo inayomzuia mtu kuanguka anapojikwaa, na ndiyo hutumia sehemu kubwa ya sukari iliyo kwenye damu. Pia ni akiba ya protini ambayo mwili huichota wakati wa ugonjwa. Mzee mwenye akiba ndogo akivunjika nyonga au kupata homa ya mapafu, hupona kwa shida.

Ugonjwa huongeza kasi

Kifua kikuu, saratani, kisukari, VVU na magonjwa ya figo, moyo na mapafu hula misuli katika umri wowote. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula huku mwili wake ukihitaji zaidi. Nchini Uganda katika miaka ya 1980, kukonda kulikuwa dalili ya wazi mno hivi kwamba Ukimwi uliitwa "slim".

Eldoret ina funzo lake katika jambo hili. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka wa 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na washirika kutoka Marekani, ulipoanza kutoa dawa za VVU ulikuta wagonjwa wengi hawana chakula cha kutosha nyumbani. Mpango huo ukaanzisha mashamba ya kuwalisha wagonjwa, ili wasitibiwe kwa dawa peke yake.

Unene unaweza kuficha

Wengi hudhani anayepoteza misuli lazima akonde. Sivyo. Mtu asiyefanya kazi ya mwili anaweza kupoteza misuli huku mafuta yakichukua nafasi yake. Mzani hausogei na nguo zinamtosha kama zamani, lakini nguvu zimekwisha. Ndiyo maana nguvu hupimwa kwa vitendo. Vipimo viwili vinaweza kufanyiwa nyumbani, mtu mwingine akiwa amesimama karibu ili mzee asianguke:

• Kiti: Mzee aketi kwenye kiti kigumu, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara 5. Akichukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, nguvu za misuli yake zimepungua.

• Kutembea: Pima mita 4 sakafuni. Akitembea kwa mwendo wake wa kawaida na kuchukua sekunde 5 au zaidi, apelekwe kuchunguzwa.

Dalili nyingine ni kushindwa kufungua kifuniko cha chupa, kupanda ngazi kwa kushikilia ukuta, kuanguka mara kwa mara, na kupungua uzito bila kukusudia.

Chai na mkate havitoshi

Uasin Gishu ni ghala la mahindi na maziwa, lakini wazee wengi hushinda kwa chai, mkate na ugali kidogo. Meno yamepungua, hamu imepungua, na chai hujaza tumbo mapema. Kikombe cha chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate havifikishi gramu 10 za protini.

Mwili wa mzee hautumii protini kwa wepesi kama wa kijana, kwa hiyo huhitaji zaidi. Wataalamu wa lishe hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na ni bora zigawanywe katika milo mitatu. Kwa mfano:

• Asubuhi: mayai 2 na kikombe cha maziwa, takriban gramu 20.

• Mchana: kikombe cha maharagwe au ndengu zilizoiva vizuri, pamoja na kikombe cha maziwa lala au mursik, takriban gramu 23.

• Jioni: nyama, kuku au samaki kiasi cha kiganja cha mkono, pamoja na ugali na sukumawiki, zaidi ya gramu 20.

Nyama ikiwa ghali, mayai, omena, maharagwe na maziwa hufanya kazi hiyohiyo. Githeri pia ni chakula bora, kwa sababu maharagwe huleta kile ambacho protini ya mahindi inakosa. Asiye na meno apondewe maharagwe, asagiwe nyama, au uji wake upikwe kwa maziwa. Chai inywewe baada ya chakula, si kabla.

Tahadhari: Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari au mtaalamu wa lishe. Mwenye kisukari pia apimwe figo kwanza.

Chakula ni matofali, kazi ndiyo fundi

Matofali yakirundikwa uani bila fundi, nyumba haijengeki. Mwaka wa 1994, utafiti uliofanywa katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani, ulihusisha wazee 100 dhaifu wenye umri wa wastani wa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya nguvu za miguu kwa wiki 10 waliongeza nguvu za misuli yao kwa zaidi ya asilimia 100. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata faida hiyo.

Mazoezi hayo hayahitaji ukumbi. Mzee anaweza kuinuka kitini mara 10 asubuhi na jioni, kusimama kwa vidole vya miguu akiwa ameshikilia meza, na kuinua chupa mbili za maji za nusu lita. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na apelekwe hospitalini.

Na zaidi ya mazoezi, aachiwe kazi anazoziweza: kumwagilia mboga, kulisha kuku, kuchambua maharagwe akiwa amesimama, kwenda dukani kwa miguu akisindikizwa na mjukuu. Kumwachia mzazi kazi anayoiweza si kumkosea heshima. Humpa siku nyingi zaidi za kujitegemea.

Pa kupata msaada

Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya Serikali. Wakazi wanahimizwa kuwaeleza wahudumu wa afya ya jamii wanapowatembelea kuhusu mzee anayedhoofika, au kumpeleka katika kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali za Huruma, Turbo, Ziwa na Burnt Forest ni miongoni mwa zinazohudumia wakazi wa kaunti. Mzee anayepungua uzito bila sababu asisubiri, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa ugonjwa unaotibika.